MWANDOYA: BIA IKO BAA, MPIRA UKO KWA MAMA

Kuna wasomaji ambao kila nikikutana nao mjini swali lao huwa ni hilo hilo. Hawaniulizi nilikula nini safarini wala nililala wapi. Wananiuliza: “Hivi we ukiwa huko porini, mpira unaangaliaje?” Na kweli ni swali la maana. Mtu anaweza kukaa wiki nzima bila maji ya bomba na asinung'unike, lakini mwambie kwamba Jumamosi hamna mpira, uone atakavyofungasha begi.

Vitabu vya watalii navyo havisaidii kitu. Ukienda Zanzibar utaelekezwa baa za Nungwi na Paje, skrini kila ukuta, upepo wa bahari unakupiga mgongoni. Ukienda Arusha utaelekezwa mahali ambapo Mzungu na Mmeru wanagombea kiti kimoja kwa ajili ya Arsenal. Lakini nani amewahi kukwambia mahali pa kuangalia mpira ukiwa Mwandoya? Basi leo nakwambia mimi.

Kwa wasiopajua, Mwandoya ni mji mdogo wa wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na makao yake makuu ni Bariadi. Ukiwa Bariadi unashika barabara ya Kisesa (siyo Kisesa ile ya jirani na jiji la Mwanza, usije ukapanda gari ya kukurudisha ulikotoka!), unapita, unaibukia Mwandoya. Ukiendelea mbele utafika Ng'hoboko na hatimaye Mwanhuzi, ambako ndiko makao ya wilaya. Nchi ni tambarare, udongo ni ule mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unashika tairi kama gundi, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia kidole. Mimi nilikwenda mwezi wa Mei, mwaka 2025. Vumbi nililokula siku hiyo lingetosha kukandika nyumba.

Watalii wenyewe hawapo mbali. Upande wa Serengeti wilaya hiyo hiyo ina Pori la Akiba la Maswa na eneo la wanyamapori la Makao, na huko kuna kambi za mahema ambazo bei ya usiku mmoja ukitajiwa unaomba maji ya kunywa. Ila wageni wa huko wanaruka na vindege vyao. Mwandoya wanaiona kwa juu, mabati yanametameta, basi. Hawajui kwamba chini ya mojawapo ya mabati yale kuna burudani ambayo pesa yao haijawahi kuinunua.

Tuanze na baa, maana najua wengi wenu roho ziko huko.

Baa za Mwandoya zimekaa karibu karibu, hapo barabarani magari yanaposimama. Majina yake sitayataja, wenyewe hawajanilipa tangazo. Niliyoingia mimi ina uwanja wa mchanga, viti vya plastiki, jiko la nyama choma pembeni na TV mbili. Kwa nini mbili? Hapo ndipo utajua kwamba mwenye baa ni mtu wa hesabu. Ligi Kuu yetu ya Bara iko Azam, ambao mwaka 2021 walisaini na TFF mkataba wa miaka kumi wa Shilingi bilioni 225.6. Ligi ya Uingereza iko DStv. Kwa hiyo baa inayotaka kuwakamata wateja wote ni lazima iwe na visimbuzi viwili na ilipie vifurushi viwili kila mwezi, na pesa hiyo yote irudi kupitia chupa unayoishika mkononi. Ndiyo sababu ukikaa na soda moja kwa dakika tisini dada wa kaunta anaanza kukuangalia kama umekalia mkoba wake.

Bia inayotembea sana huko ni Balimi. Kwa Kisukuma balimi maana yake ni wakulima, na kweli Mei ndio mwezi wao. Pamba inavunwa, msimu wa kununua unafunguliwa, magunia yanapangwa kwenye maghala ya vyama vya msingi, na vijana ambao Februari walikuwa wanakopa sigara moja moja sasa wanaagiza kreti. Nyama nayo haina mjadala. Hao ni Wasukuma, ng'ombe wapo. Nilikula mbavu za kuchoma na ugali, kachumbari ya pilipili juu, na sikusikia njaa mpaka kesho yake mchana.

Sasa ubaya wa baa. Ubaya wa baa ni rimoti.

Sikiliza. Ilikuwa Jumamosi, mimi na wenzangu watano tusiojuana tumetulia, macho kwenye TV. Akaingia bwana mmoja mwenye tumbo la ununuzi wa pamba, na wapambe wake wanne. Akakaa. Akaagiza meza ijae. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu aliyezoea kusikilizwa: “Dada, hebu niwekee muziki hapo.” Na muziki ukawekwa! Kabumbu likazimwa likiwa katikati, wakatokea wacheza shoo. Tulilalamika? Tulilalamika. Dada akatujibu kwa upole: “Kaka zangu, nyie mna soda nne na bia mbili.” Hesabu hiyo utaipinga kwa lugha gani?

Na hata pale TV inapobaki kwenye mpira, spika zinakuwa kwenye muziki. Unaona mtangazaji amefumbua mdomo, unachosikia ni gitaa la solo. Mtu anafunga goli huku unaambiwa mapenzi yanaua. Kwa mechi ambayo hujali nani atashinda, baa inafaa sana: unakula, unazungumza, unachungulia. Wenyeji wananiambia yapo magoli yaliyowahi kuizima hata hiyo spika. Wanalitaja la Machi 1, 2020, Mbwana Samatta alipoifungia Aston Villa kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester City. Villa walilala 2-1, lakini nani aliyejali? Siku hiyo, wanasema, watu waliokuwa hawajui hata Villa inavaa rangi gani waliimba mpaka usiku.

Kuna pia maduka mawili matatu ya vinywaji yenye TV ndogo juu ya friji, na gesti moja yenye TV ukumbini ambayo mhudumu anaizima saa nne kamili aende kulala. Huko nisikupotezee muda.

Sasa njoo huku nyuma ya soko la mji.

Huku ndiko kwenye kibanda umiza. Jina hilo Tanzania nzima linajulikana na halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kukaa ndani yake saa mbili. Cha Mwandoya nilichoingia mimi kimejengwa kwa milunda, juu bati, pembeni viroba vilivyoshonwa pamoja na turubai jeusi kwa ndani ili mwanga usiingie. Mabenchi ni mbao zilizogongwa kwenye magogo, hazina pa kuegemea mgongo. Mbele kuna luninga kubwa imewekwa ndani ya kasha la mbao lenye kufuli. Mchana wa jua la Meatu, watu sitini mle ndani wakipumua kwa pamoja… we acha tu. Nguo uliyoingia nayo utaikamua.

Mwenye nacho ni mama wa makamo, na wote wazee kwa vijana wanamwita Mayo, yaani mama. Huyu mama mpira haujui na hataki kuujua. Anachojua ni dakika. Yeye hukaa mlangoni kwenye kigoda, kikapu cha pesa mapajani, daftari la shule na kalamu ya wino mzito pembeni. Ukilipa, jina lako linaandikwa daftarini na mgongo wa mkono wako unachorwa alama. Ukitoka kujisaidia unaonyesha mkono, unarudi. Kila mechi ina alama yake, leo msalaba, kesho duara. Wapo vijana waliojaribu kuiga alama kwa kalamu zao za nyumbani, na Mayo akawatambua kwa rangi ya wino.

Kiingilio ni Shilingi 500 kwa mechi ya kawaida na 1,000 kwa mechi kubwa. Bia hairuhusiwi. Sigara hairuhusiwi. Kutukana mzazi wa mtu hairuhusiwi. Kutukana timu ya mtu ruksa.

“Baba,” aliniambia nilipomsalimu mwadila na kujitambulisha, “mimi hapa siuzi kinywaji. Nauza kuona. Mtu akilipa aone, lazima aone. Asipoona, pesa yake siyo yangu.”

Nikadhani ni maneno ya biashara. Wenyeji wakanisimulia habari ya Machi 8.

Mtakumbuka, Jumamosi ya Machi 8, 2025, Yanga na Simba walikuwa wakutane saa 1:15 usiku kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walikwenda uwanjani kufanya mazoezi, wakazuiwa getini, wakatangaza hawachezi. Mchana bodi ya ligi ikaahirisha mechi. Huko Dar es Salaam zogo lilikuwa la viongozi na wanasheria. Mwandoya zogo lilikuwa mlangoni kwa Mayo. Siku ya watani watu hawatoki Mwandoya peke yake. Wanatoka vijijini kwa baiskeli na bodaboda, wengine wameanza safari asubuhi, na wanalipa mapema ili wawahi benchi la mbele. Mama alikuwa ameshakusanya, na sehemu ya makusanyo hayo ilikuwa imeshanunua petroli ya jenereta na kulipia kifurushi.

Habari zilipofika, nusu ya watu wakakataa kuondoka wakisema ni uzushi, itachezwa tu. Nusu nyingine wakataka pesa zao. Mayo akafungua daftari, akaanza kuita majina, mmoja mmoja, kama mwalimu wa zamu. Walioandikwa walikuwa 53. Waliojipanga kudai walikuwa 61! Wanane walikuwa wamepita chini ya turubai na sasa wanadai kurudishiwa kiingilio ambacho hawakutoa. Hao aliwatazama tu, akafunga daftari. Wale 53 wote walirudishiwa, na pesa iliyopungua aliongezea kwa kuuza debe za mahindi ya chakula cha nyumbani. Mechi yenyewe ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, nami nikiwa nimeshaondoka. Lakini sasa unaelewa kwa nini mtu mwenye shilingi elfu moja Mwandoya anampelekea yule mama kabla hajaulizwa timu gani zinacheza.

Mimi nilikwenda kwake kwa ajili ya Jumapili ya Mei 25. Simba na RS Berkane ya Morocco, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wiki moja kabla yake, Berkane walikuwa wameshinda 2-0 kwao. Mechi ya nyumbani ilitakiwa iwe Dar es Salaam, Uwanja wa Mkapa, watu elfu sitini, lakini CAF hawakuridhika na hali ya nyasi, wakaihamishia Uwanja wa Amaan, Zanzibar, unaochukua kama watu elfu kumi na tano. Nakwambia watu wa Mwandoya hilo liliwafurahisha kichinichini. Maana siku nyingine zote mtu wa Dar anajidai, “mimi nitakuwepo uwanjani.” Siku hiyo mtu wa Kariakoo na mtu wa Ng'hoboko wote walikuwa sawasawa: bahari mbele yao, tegemeo lao luninga.

Saa nane mchana kibanda kilikuwa kimeshajaa. Upande wa kushoto wekundu, upande wa kulia kijani na njano, katikati njia nyembamba ambayo Mayo ameipiga marufuku kukaliwa. Utauliza, Yanga walifuata nini kwenye fainali ya Simba? Msomaji, unaishi nchi gani? Walikuja kuwashangilia Waarabu! Mmoja alijifunga taulo kichwani akajiita balozi wa Morocco. Simba wakawaita utopolo, Yanga wakawajibu makolo. “Nyie fainali yenu ya 2023 mlibeba nini?” akauliza wa kushoto. Wa kulia akasimama: “Sisi tulikwenda Algiers tukawafunga USM kwao moja bila! Tulikosa kombe kwa goli la ugenini. Nyie mmekwenda Morocco mmeleta nini? Mbili mgongoni!” Hapo nilicheka mpaka benchi likalalamika.

Mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mgongo, alikaa mzee mmoja mwenye fimbo na kofia ya sufi katika joto lile. Kiti ni chake, amekuja nacho kutoka nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama ni Simba. Akanitazama kwa huruma.

“Ng'wanawane, mimi hii fainali naisubiri tangu mwaka 1993.”

Na akanipa hadithi. Mwaka huo Simba walifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Kule ugenini walitoka suluhu, kwa hiyo nchi nzima ilijua kombe limeshaingia ndani. Wakati huo TV huku Bara ilikuwa bado haijaanza, ITV walikuja mwaka 1994. Kulikuwa na Redio Tanzania, na redio ya mzee ilikuwa na betri zilizochoka. Akazianika juani siku mbili juu ya bati, kama unavyoanika michembe, zipate nguvu za dakika tisini. Watu wa kitongoji kizima wakakusanyika chini ya mti. Betri zikavumilia vizuri kabisa, mpaka mwisho. “Heri zingekufa,” akasema. Stella walishinda 2-0 pale pale Dar es Salaam, na kila neno la mtangazaji walilisikia.

Saa kumi mpira ukaanza. Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga. Sijui nikueleze vipi. Benchi letu lilikwenda juu na halikurudi mahali pake, turubai likachanika, mtoto mmoja akajikuta kwenye mapaja ya balozi wa Morocco. Mzee hakusimama. Aligonga fimbo chini mara moja, akanyoosha kidole kimoja juu, maana yake bado moja tulingane.

Kipindi cha pili mambo yakabadilika. Yusuph Kagoma akapewa kadi nyekundu, Simba wakabaki kumi. Upande wa kulia ukafufuka, taulo likazungushwa hewani. Na hapo hapo, katikati ya makelele hayo, luninga ikafanya “tii”, kikawa giza.

Umeme umekatika.

Kwa sekunde kama mbili hivi hakuna aliyesema neno. Halafu ukaja mvumo, ule wa nyuki mtu akigusa mzinga. Watu sitini gizani, joto, timu moja nyuma kwa kadi, nyingine inadai goli moja, kila mmoja ametoa elfu yake. Mimi nilianza kuangalia mlango uko wapi. Mtu akapiga kelele, “Mayo, pesa!” Mwingine, “Mayo, jenereta!” Tochi za simu zikawaka. Na katika mwanga ule nikamwona mama ameshasimama, kikapu amempa binti yake, anakwenda nyuma bila kukimbia. Anatembea kama mtu anayekwenda kuangalia chungu jikoni.

Ile jenereta ilivutwa kamba mara ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikakohoa. Kijana wa bodaboda, Yanga damu, kwa fulana yake ya kijani, akaruka ukuta wa viroba kwenda kusaidia. Wenzake wakamzomea: “We unawasaidia hao?” Akawajibu kutoka huko huko nyuma, “Nataka nione wanavyofungwa!” Mvuto wa nne ikanguruma.

Lakini TV ikiwaka siyo kwamba mpira umewaka. Anayetumia kisimbuzi anajua. Kinaanza kujitafuta, maandishi, duara linazunguka, kinatafuta mawimbi… Nakwambia zile zilikuwa dakika ndefu kuliko safari yangu ya kutoka Bariadi. Mwenye bando la intaneti akajaribu simu, ikamwonyesha picha iliyoganda ya mchezaji ameinua mguu. Basi tukamtegemea kijana mmoja aliyekuwa na redio kwenye kitochi chake, akakiweka sikioni, anatutangazia kwa sauti: “Simba wana mpira… wamepoteza… unatoka nje…” Mzee kwenye kiti akageuka kunitazama. Hakusema kitu ila nilijua anawaza mti na betri za mwaka 1993.

Picha ikarudi. Bado ilikuwa 1-0. Mayo akasimama mlangoni akatangaza: “Aliyeona amekosa, kesho aje, mechi ya bure.” Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Muda si mrefu Steven Mukwala akatia mpira wavuni! Safari hii hata mzee alisimama, fimbo ikaruka. Nilikumbatiwa na mtu ambaye hadi leo sijui uso wake. Halafu mwamuzi akaitwa kwenye VAR. Msomaji, kuna kimya cha msibani na kuna kimya cha VAR. Goli likakataliwa. Balozi wa Morocco akalala chali kwenye ile njia iliyopigwa marufuku, akawa anapiga miguu kwa furaha, na Mayo akaja akamwinua kwa sikio.

Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. 1-1, jumla 3-1, kombe limekwenda Morocco.

Niliogopa kuwa patachafuka. Wapi! Wekundu walitoka mmoja mmoja wakiwa wameinamisha vichwa, kijani wakiwaimbia nyuma yao hadi barabarani. Nje, yule kijana wa bodaboda akamchukua mzee, akampakia na kiti chake, kiti kimefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. Nilimsikia akimwambia, “Babu, leo sikutozi.” Mzee akamjibu, “Utanitoza. Sitaki huruma ya Yanga.” Wakaondoka hivyo, wanabishana.

Mimi nilibaki kumsaidia mama kurudisha mabenchi. Nikamuuliza kama haogopi, maana siku hizi kila mwenye nyumba ya bati anafunga dishi lake na vijana wanaangalia kwenye simu. Akasema ni kweli wanapungua. Siku za ligi ya kawaida wakati mwingine wanakuja kumi na watano, pesa haifiki hata ya kifurushi. Mwaka uliotangulia alifikiria kuuza luninga anunue mashine ya kukoboa. “Lakini wakiwa na mechi kubwa wanaziacha TV zao nyumbani wanakuja hapa,” akasema. “Nyumbani atamzomea nani? Mke wake?” Akafunga kasha la luninga kwa kufuli, funguo akaitia kwenye pindo la kitenge.

Kwa hiyo we unayekwenda, shika haya. Mechi za Uingereza za Jumamosi zile nyingi huanza saa 11 jioni za kwetu, lakini Wazungu wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba zinasogea hadi saa 12, mpaka mwisho wa Machi. Hizo angalia baa, kula na mbavu, omba Mungu asije mnunuzi wa pamba. Ligi ya Mabingwa Ulaya ni saa 4 usiku, au saa 5 kipindi cha baridi yao. Kwa hizo muulize kwanza mwenye baa kama atakuwa wazi, na usiitegemee TV ya gesti. Simba, Yanga na Taifa Stars nenda nyuma ya soko. Fika saa mbili kabla, vaa fulana nyepesi, beba maji yako, na kaa upande wako. Ukiwa huna upande, kaa nyuma na uwe tayari kuulizwa. Chenji iwe mkononi, maana Mayo noti ya elfu kumi anaipokea lakini anakurudishia baada ya mechi. Gari za Bariadi zinaondoka asubuhi mapema, usikubali kukesha.

Na ile alama ya wino usihangaike kuisugua. Maji ya gesti haitoki, sabuni ya kipande haitoki. Mimi nilifika nayo Bariadi kesho yake, na kondakta alipoiona mkononi akaniuliza, “Ulikuwa kwa Mayo? Kushoto au kulia?”